Marejea yameanza maua, nikate au nisubiri mbegu?

Mpenda Jembe: Wakuu salama? Shamba langu nimelima mahindi juu ya mahindi mpaka udongo umechoka, msimu huu nikaamua kipande kimoja nimwage marejea, ile mimea jamii ya kunde ya kurutubisha udongo, niyalaze yawe mbolea. Sasa yamenipita kiunoni na yameanza maua ya njano, yamependeza mpaka roho inasita kukata. Nikate au niache nipate na mbegu? Na mahindi nirudishe lini?

Kidole Kijani: Kata sasa hivi mkuu. Maua yakianza tu ndo wakati wenyewe, shina bado laini na naitrojeni, kile chakula cha mimea tunachokitafuta, bado iko kwenye majani. Ukingoja mbegu, naitrojeni nyingi inahamia kwenye punje, ukivuna unaondoka nayo, halafu shina linakuwa gumu kama kuni na ukilifukia vijidudu vinavyoliozesha vinachukua naitrojeni ya udongo, mahindi yako yanabaki na unjano. Mbegu ziachie mistari michache ya pembeni.

Taratibu Tu: Kweli, ila kabla hujakata chimbua mche mmoja kwa jembe, usiung'oe maana vinundu vya kwenye mizizi, vile vinavyonasa naitrojeni ya hewani, vitakatikia ardhini. Pasua kinundu kwa kucha, ndani kukiwa kwekundu au pinki kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hapo hamna kitu. Mahindi subiri wiki 2 mpaka 3, majani mabichi yakiwa yanaoza mbegu nayo inaweza kuozea humo humo. Usichelewe sana pia, mvua ikipiga shamba tupu naitrojeni inazama chini mizizi haiifikii.

Mpenda Jembe: Shukrani. Lazima nifukie? Mvua zenyewe karibu zinakata

Kidole Kijani: Si lazima. Ukiyaacha juu kama matandazo yanaoza polepole na naitrojeni kiasi inapotelea hewani, lakini unyevu unabaki na magugu yanabanwa. Kwa hali yako mi ningeyaacha juu.

Mzee wa Samadi: Mnasifia naitrojeni tu, fosforasi, chakula kingine cha mimea, je? Hiyo haitoki hewani, kama udongo umeishiwa hata marejea yenyewe yanadumaa, kwahiyo samadi bado inahitajika. Na kama una mbuzi usiwaachie humo, kuna aina za marejea ni sumu hasa mbegu zake. Mwenye mifugo bora apande fiwi, yale maharage yanayotambaa.

Mpenda Jembe: Mbuzi ninao aisee 😅 fiwi wanakula?

Mzee wa Samadi: Wanakula vizuri tu, wakatie kiasi kingine ulaze, na samadi yao irudi kwenye kipande hicho hicho.