Kubadilisha rekodi za AMR za simu ya zamani ziwe WAV au MP3

Mjukuu wa Nahodha (Tanga)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa nawaamkia. Naomba msaada katika jambo ambalo limenikalia moyoni kwa miezi kadhaa sasa.

Mwaka 2011 nilimrekodi babu yangu mzaa baba, aliyekuwa nahodha wa majahazi hapa Tanga na baadaye mvuvi, kwa simu yangu ndogo ya vitufe. Nilikuwa nikikaa naye barazani baada ya Alasiri, naye akinieleza majina ya pepo, majina ya mafungu ya mchanga na miamba ya baharini huku kwetu, sehemu za chombo tangu mkuku hadi foromali, na jinsi walivyokuwa wakienda Mombasa kwa kusi na kurejea kwa kaskazi. Mwaka uliofuata Mwenyezi Mungu alimchukua, na sauti yake imebaki katika memori kadi moja tu, faili 37, zote zikiwa na herufi amr mwishoni mwa jina.

Shida yangu ni kwamba kompyuta ninayotumia haizifungui. Mtayarishaji wa kipindi cha redio aliyependa kuzisikiliza ameniomba nimletee WAV au MP3, kwa hiyo nilibadilisha jina la faili moja, nikafuta amr na kuandika mp3, lakini halikulia kabisa. Nikapeleka kadi kwenye kibanda kimoja mjini, nikaambiwa kwamba rekodi zimeharibika, na pesa nikalipa. Siamini kwamba zimeharibika, kwa sababu nikirudisha kadi kwenye simu ile ya zamani, babu anazungumza vizuri.

Nina maswali mawili. La kwanza, nizibadilishe kwa njia gani bila kupoteza kilichomo? La pili, je, zikishakuwa WAV sauti itakuwa safi zaidi? Nauliza kwa sababu yapo maneno, hasa majina ya mafungu, ambayo mimi nasikia yanaanza kwa f na dada yangu anasikia s, na tunataka kuyaandika kwa usahihi kwa ajili ya watoto wetu. Kama inasaidia, faili moja la dakika 12 lina ukubwa wa megabaiti 1.1.

Fundi wa Ngamiani

Wa aleikum salaam, dada yangu, na pole kwa kumpoteza mzee. Rekodi zako hazijaharibika. Ulichofanya ni kubadilisha jina la mtungi wakati kilichomo ndani ni kilekile. Ukitaka kuhakikisha, chukua nakala ya faili moja, ifungue kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi, kisha tazama mwanzoni kabisa: utaona alama #!AMR ikifuatiwa na herufi zisizosomeka. Alama hiyo ndiyo utambulisho wa faili, nayo haiondoki hata ukiliita faili jina lolote.

Kabla ya yote, toa kadi kwenye simu, itie kwenye kisoma kadi, unakili faili zote 37 kwenye kompyuta, kisha unakili tena kwenye flashi ambayo utampa mtu mwingine wa nyumbani aihifadhi. Memori kadi ya tangu 2011 inaweza kufa siku yoyote bila kukuaga. Nimewahi kumpokea mteja akiwa na kadi ya namna hiyo asubuhi ikisomeka, na jioni aliporudi haikusomeka tena, nasi tulikuwa tumenakili nusu tu. Naomba sana hili ulifanye leo, hata kama kubadilisha utabadilisha mwezi ujao.

AMR ni mfumo wa kubana sauti ulioidhinishwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu za mkononi. Hukata sauti katika vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa kila sekunde, na kwa kiwango chake cha juu cha kilobiti 12.2 kwa sekunde kila kipande huchukua baiti 32 ndani ya faili. Hesabu yake basi ni baiti 1,600 kwa sekunde, na kwa dakika 12 ni baiti 1,152,000, ambazo kompyuta huzionyesha kama megabaiti 1.1. Faili lako limekubaliana na hesabu, maana yake simu ilirekodi kwa kiwango cha juu kabisa cha mfumo huo na hakuna kilichokatika. Aliyekwambia zimeharibika hakupima.

Kwa kubadilisha, njia iliyo nyepesi kwa mtu asiyezoea amri ni programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Ifungue, bonyeza Ctrl na R kwa pamoja, ongeza faili lako, nenda kwenye kitufe cha kubadilisha, chagua MP3, taja faili jipya litakaa wapi, kisha anza. Wengine watakutajia Audacity, nayo ni nzuri kwa kukata na kupunguza kelele, lakini kusoma AMR ni mpaka uiongezee maktaba ya FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha sauti na video.

Mimi binafsi hutumia FFmpeg yenyewe kupitia dirisha la amri, kwa sababu faili 37 kuzibadilisha moja moja kunachosha na mtu aliyechoka hukosea. Kwa faili moja kuwa WAV, amri ni hii:

ffmpeg -i babu01.amr babu01.wav

Kwa faili zote za folda moja kuwa MP3 katika Windows, ingia ndani ya folda hiyo kisha andika:

for %f in (*.amr) do ffmpeg -i "%f" -ar 44100 -ac 1 -b:a 64k "%~nf.mp3"

Namba 44100 ni idadi ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, kwa sekunde. Nimeiweka kwa sababu MP3 ya sampuli 8,000 haimo katika kiwango rasmi cha MP3, na redio nyingine za gari au spika za kuchomeka flashi hukataa kuicheza. Kuhusu swali lako la pili, namwachia mwenye ujuzi wa sauti kuliko mimi.

Kijana wa Chumbageni

Dada, zipo tovuti nyingi zinazobadilisha AMR kuwa MP3 bila kusakinisha programu yoyote. Unapakia faili, unasubiri kidogo, unapakua. Ninachokushauri ni kuchagua kilobiti 320 kwa sekunde, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu cha MP3 na sauti itatoka safi zaidi kuliko hiyo 64 ya Fundi.

Mtunza Sauti (Bagamoyo)

Nawasalimu nyote kutoka Bagamoyo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukusanya rekodi za ngoma na za wazee wa huku, na swali la dada huyu nimelikuta mara nyingi, kwa hiyo naomba niruhusiwe kulijibu kwa kirefu.

Mdogo wangu wa Chumbageni ameshauri kwa nia njema, lakini hapo kwenye 320 hapana. AMR ya kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na kwa kanuni ya sampuli haiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi nusu ya idadi hiyo, yaani hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde). Kwa vitendo hubeba kati ya hezi 200 na 3,400 hivi, kama simu za mezani za zamani. Kilicho juu ya hapo hakikuingia kwenye kadi tangu siku ile barazani. Ukilimimina faili hilo katika MP3 ya 320 utapata faili la megabaiti zipatazo 29 kwa dakika zilezile 12, na sauti itakuwa ileile iliyokaa katika megabaiti 1.1. Sampuli 44,100 alizozitaja Fundi ni kwa ajili ya vyombo vya kuchezea tu, nazo hazirudishi kilichopotea, na naamini hata yeye hakukusudia hivyo.

Sasa tuje kwenye f na s. Nguvu kubwa ya sauti ya s iko juu ya hezi 4,000. Mfumo unapokata kilele hicho, kinachobaki cha s ni mvumo hafifu unaofanana mno na wa f. Ndiyo maana mtu akikutajia jina lake kwa simu unamuuliza kama ni S ya Salima au F ya Fatuma, wakati akiwa mbele yako huhitaji kuuliza. Kwa hiyo dada, wewe na dada yako nyote mnasikia sawasawa, ila simu haikuhifadhi tofauti ambayo ingewaamulia. Najua hili si jibu ulilolitarajia, na nimesita kuliandika, lakini afadhali ulijue mapema kuliko ununue programu za kusafisha sauti zinazoahidi kuirudisha. Programu za namna hiyo hubuni s ya kukisia, na jina la fungu la babu yako halipaswi kukisiwa.

Kinachoweza kusaidia kidogo ni kusikiliza WAV kwa hedifoni zinazofunika sikio lote, mahali penye utulivu, na kulisikiliza neno kila linapotajwa, kwa sababu mzee huenda alilitamka mara nane na katika mara moja alikuwa ameisogelea simu. Pia sikiliza irabu inayofuata: ulimi na midomo vinapotoka kwenye s kwenda kwenye irabu huipinda irabu hiyo tofauti na vinapotoka kwenye f, na mpindo huo uko chini ya hezi 3,400, kwa hiyo umo ndani ya rekodi. Mtu aliyezoea sauti ya mzee huunasa bila kujua ameunasaje.

Kuhusu kuhifadhi, AMR ya asili ndiyo rekodi yako halisi na usiifute kamwe. WAV unayoitoa humo haipunguzi chochote, kwa kuwa haibani. Kwa sampuli 8,000 na biti 16 itakuwa na megabaiti 11.5 kwa dakika 12, mara kumi ya faili la asili, na hiyo ndiyo umpe mtayarishaji wa redio. MP3 hubana upya sauti ambayo tayari ilishabanwa, hivyo itumie kwa kugawia ndugu tu, na kila mara itoe kwenye AMR au WAV, usiitoe kwenye MP3 nyingine.

Na kuhusu tovuti, naomba sana mfikirie. Mzee anapozungumza barazani hutaja watu, madeni, ndoa na ugomvi wa zamani wa majirani, na faili likishapakiwa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua huna tena mamlaka nalo.

Jambo moja la pembeni, kwa wanaorekodi ngoma: AMR ilijengwa kwa kuiga koo la binadamu, na ngoma haina koo. Nilipokea rekodi ya msondo na marimba iliyochukuliwa kwa simu ya namna hiyo, na marimba yalisikika kama mtu anayesukutua maji. Hata kwa simu za kisasa, tazameni kwanza kwenye mipangilio ya kinasa sauti kabla ya kuanza, mchague M4A ya ubora wa juu au WAV kama ipo.

Fundi wa Ngamiani

Nakubaliana na Mtunza Sauti kwa yote, na ni kweli kwamba 44100 nimeiweka kwa ajili ya vyombo tu. Nyongeza ndogo: ukituma faili kwa WhatsApp, litume kama hati ili lifike jinsi lilivyo.

Kijana wa Chumbageni

Nimeelewa na nashukuru kwa kusahihishwa. Kuhusu madeni na ndoa sikuwa nimefikiria kabisa.

Mjukuu wa Nahodha (Tanga)

Nimerudi baada ya wiki mbili, na ninawashukuru kutoka moyoni. Usiku uleule nilinakili kadi, na flashi ya pili nimempa ami yangu. Faili 33 zimekuwa WAV bila tatizo. Nne zilikuwa tofauti: nilipozifungua kwa njia aliyoeleza Fundi sikuiona alama ya AMR, bali herufi ftyp3gp karibu na mwanzo, yaani ni faili za 3GP, mfumo mwingine wa faili za simu. Nilizipa majina yenye 3gp mwishoni ili nisichanganyikiwe, na FFmpeg ilizisoma bila tatizo, nazo zilikuwa na sauti ya AMR ndani. Nadhani niliwahi kuzibadilisha majina mwenyewe nikasahau.

Jibu la f na s lilinihuzunisha, sitaficha. Nililala nikiwaza kwamba ningalijua mwaka ule ningaliazima kinasa sauti kizuri. Kisha nikafanya alivyoshauri Mtunza Sauti: nikaokota sehemu zote ambazo babu anayataja majina matano yanayotutatiza, nikazikata na kuziunganisha katika faili moja la dakika tatu, nikaenda nalo Sahare asubuhi, wakati wavuvi wanaposhusha. Nilimpata mzee mmoja ambaye aliwahi kuvua na babu akiwa kijana. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akaanza kucheka peke yake kwa sababu ameitambua sauti. Majina manne aliyataja kabla babu hajamaliza kuyatamka: matatu yanaanza kwa s na moja kwa f, na kwa kila moja akanionyesha kwa mkono liko upande gani wa mlango wa ghuba. La tano alilisikiliza mara sita, kisha akasema kwamba hilo halijui yeye na tumuulize mkubwa wake aliyeko Pangani.

Majina hayo manne nimeyaandika kwenye daftari, kila moja na dakika na sekunde linapotajwa katika rekodi. Mzee wa Sahare amekubali nimrekodi naye Jumamosi hii. Nimeshaweka simu kwenye WAV ya sampuli 44,100, na nitaomba tukae ndani badala ya ufukweni ili upepo usiingie. Mtunza Sauti, kama kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya siku hiyo, tafadhali niambie.

Mtunza Sauti (Bagamoyo)

Ilaze simu juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri mbili kutoka kinywani mwake, uzime feni na uiweke simu katika hali ya ndegeni ili isiite katikati. Na mwanzoni kabisa mwombe ayataje yale majina manne polepole, moja moja.

Mjukuu wa Nahodha (Tanga)

Nitafanya hivyo, inshallah. Pangani nitakwenda wiki inayofuata, nikiwa na jina la tano.