Mnaofanya kazi za mtandaoni mkiishi Leicester, Coventry na miji ya kariba hiyo: tupeane uzoefu

MtotoWaChumbageni
Wakuu, habari za Jumapili. Saa za Uingereza zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo, na kesho nina kikao cha saa mbili asubuhi kwa saa za Dar. Mlioko huku mmeshanielewa: kwetu itakuwa saa kumi na moja alfajiri, giza totoro. Tangu mwisho wa Machi tulikuwa tunapishana na nyumbani saa mbili, kuanzia leo ni tatu mpaka Machi ijayo.

Ndipo nikaikumbuka baridi yangu ya kwanza hapa Leicester. Nimemfuata mke wangu, yeye ni muuguzi. Asubuhi anatoka, anakutana na watu, anarudi na habari. Mimi naandika programu za kampuni ya Dar, nawasha kompyuta, nazima kompyuta, mlango sijauvuka. Desemba jua linachomoza saa mbili na robo na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Unamaliza kikao, unainua kichwa, siku imekwisha na hukuiona.

Ukimtoa mke wangu, mtu niliyekuwa naonana naye ana kwa ana ni mleta vifurushi. Alishajua mimi ndiye ninayeshinda ndani, basi mizigo ya mtaa mzima akawa anaiacha kwangu. Jioni nikawa nampelekea kila mtu wake. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa hata salamu haitikii. Siku nilipompelekea viatu vya mjukuu wake akanikaribisha chai, na leo akiniona kwa mbali ananiita "me duck", kama watu wa hapa wanavyoitana. Mtaa nimeujua kwa njia hiyo.

Tunaoishi hivi tuko wengi, lakini kila ninachosoma ni cha London au cha wanaotunza wazee. Upweke, baridi, bili, kodi: nyie mmepitaje?

Kisiwandui77
Umegusa penyewe mkuu. Nipo Nottingham, nasoma kila neno.

BintiMvita
Mimi niko Coventry, kampuni yangu iko Nairobi. Upweke nauelewa sana. Kilichonisaidia ni kimoja: saa sita mchana natoka, mvua inyeshe isinyeshe. Natembea hadi kwenye magofu ya kanisa kuu lililolipuliwa na ndege za Wajerumani Novemba 1940. Kuta zimebaki, paa hakuna, na jipya limejengwa ubavuni. Unakaa pale kidogo, unaona anga, unarudi kazini una nguvu. Kama chumba chako ni baridi nenda maktaba kuu, intaneti bure, joto bure, na hakuna anayekuuliza umekaa sana.

Na msisifie Leicester peke yake. Coventry hadi London treni ni yapata saa moja, na vyuo viwili vimejaza mji vijana wa kila taifa.

Mpare_Halisi
Coventry yenye barabara ile ya mzunguko? Ukikosea njia ya kutokea unauzunguka mji mara mbili. Leicester hata kama huna gari unaishi.

BintiMvita
Ndugu, uliza uzoefu wa kuishi, si wa kuendesha gari. Sina gari na sihitaji.

MamaNuru_LE4
Kwa upande wa upweke, mwenye Leicester ana bahati ambayo pengine haijui. Nenda Belgrave Road. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije huku. Wakaja kwa maelfu, na mtaa ule ukasimama kwa mikono yao. Wapo wazee pale, wazaliwa wa Jinja, Kisumu, Mwanza, na Kiswahili hakijawatoka.

Mimi nilikuwa dukani nachagua mihogo ya kugandishwa, naongea na dada yangu kwa simu. Bibi mmoja wa sari akanishika mkono: "Huo acha, una nyuzi. Chukua wa pakiti ile." Nilikata simu tukaongea pale mpaka mwenye duka akatuletea viti. Hakuwa ameongea Kiswahili tangu afiwe na mumewe. Sasa kila Alhamisi napitia kwake baada ya kazi, tunakaanga muhogo, ananihadithia Jinja ya ujana wake. Wanangu wanamwita bibi.

Kisiwandui77
Mama Nuru, hiyo Alhamisi mngeifungulia wengi.

Mhasibu_Ilala
Nitoke kwenye upweke niingie kwenye kodi, maana najua humu wamo wanaodhani mshahara ukiingia benki ya nyumbani basi Uingereza haihusiki. Inahusika. Kazi ukiifanya umekaa Leicester, hicho ni kipato cha Leicester, hata mwajiri awe Dar na malipo yawe ya shilingi. Mwaka wa kodi ni 6 Aprili hadi 5 Aprili. Paundi 12,570 za kwanza hazitozwi. Mwaka huo ukiisha, jisajili kwa mamlaka ya kodi kabla ya 5 Oktoba inayofuata, ujaze ritani (fomu ya kutaja kipato chako) mtandaoni na kulipa kabla ya 31 Januari.

Kenya na Uganda zina mikataba na Uingereza ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Tanzania haina. Kwa hiyo Watanzania tunzeni kila karatasi inayoonyesha mmekatwa nini nyumbani, na mumuulize mtaalamu kama kuna nafuu, msiichukulie kuwa ya hakika.

Mpare_Halisi
Mhasibu unatisha watu bure. Nina rafiki yangu yuko huku muda mrefu, hajawahi kuulizwa.

Mhasibu_Ilala
Rafiki yako ataulizwa siku anaomba ukazi wa kudumu au mkopo wa nyumba, akitakiwa aonyeshe alikuwa anaishi kwa kipato gani. Wakati huo penalti zimelimbikizana. Nimekaa na familia moja inalia mbele yangu kwa jambo hilihili, ndiyo maana nalisema kwa sauti.

Tumaini_Arusha
Samahani, naweza kuja kwa viza ya matembezi nikakaa kwa dada yangu Reading nikifanya kazi yangu ya Arusha?

Mhasibu_Ilala
Tangu 31 Januari 2024 mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ya mwajiri wake wa nyumbani kwa mbali, mradi isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Unakuja kumtembelea dada, na barua pepe za kazi unajibu. Kuja kuishi ni jambo jingine, na viza maalumu ya wafanyakazi wa mtandaoni Uingereza haina.

NyotaYaPangani
Nimesoma hapo juu kuhusu kushinda ndani kutwa, mwili ukanisisimka. Naandika kwa sababu kati yenu yupo ambaye hili linamhusu usiku huu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu watano, mji sitautaja. Boila ya nyumba ilikuwa ndani ya kabati, chumbani kwangu. Wenzangu wote wakitoka asubuhi, mimi nabaki na kompyuta. Ilipoanza baridi nikafunga madirisha, nikaziba na mlango kwa taulo chini maana kibaridi kilikuwa kinapenya. Kichwa kikaanza kuuma. Kila mchana kinauma, nikitoka dukani kinaachia, nikirudi kinarudi. Nikapima macho, nikabadilisha miwani. Kichefuchefu kikaja, nikadhani chakula. Wenzangu kazini wakasema kwenye vikao naongea polepole, siku hizi nimepoa. Wenzangu wa nyumba walikuwa wazima, hawashindi mle.

Jioni moja mama alinipigia WhatsApp kutoka Pangani. Nilipokea nimelala. Akaniuliza jambo, nikamjibu, akanyamaza. Kisha: "Mbona unaongea kama mlevi? Umekunywa?" Nikamwambia sijanywa, nimechoka. Akauliza kichwa, nikamwambia. Akauliza, "Humo chumbani mna jiko?" Nikasema hakuna jiko, mama, kuna mashine ya gesi ya maji ya moto kabatini. Mama akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Shangazi yangu na mwanawe walikufa kwa jiko la mkaa waliloingiza ndani wakati wa mvua, na mama ndiye aliyeufungua ule mlango. "Toka! Toka sasa hivi! Usivae kitu!"

Miguu haikutii. Ngazi nilizishuka nimekaa, kidato kwa kidato, simu mkononi, mama anasoma Ayatul Kursi upande wa pili. Nikafika nje na kanga moja, barafu imeganda kwenye vioo vya magari. Jirani wa Kipoland alikuwa anatoa pipa la taka. Akanifunika koti lake, akapiga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, wanapokea usiku na mchana bila malipo, na gari la wagonjwa likaitwa. Fundi alifika na kipimo, akazima gesi ya nyumba nzima hapohapo. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limeachana kwenye maungio, hewa chafu inamwagika kabatini, kabati linamwaga chumbani. Hospitali niliwekewa oksijeni. Daktari akaniambia ningelala usiku ule, nisingeamka.

Alamu ya kaboni monoksaidi chumbani haikuwepo. Na sheria ya England tangu 1 Oktoba 2022 inamtaka mwenye nyumba aweke alamu katika kila chumba chenye boila. Kila mwaka fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, anatakiwa akague, na wewe mpangaji upewe nakala ya cheti. Wakala alikuwa ananiambia cheti kipo ofisini. Hakikuwepo.

MtotoWaChumbageni
Dada yangu, nimesimama. Mama huyo Mungu ampe umri mrefu. Pole sana sana.

Kisiwandui77
Sijui niseme nini. Alhamdulillah.

Mpare_Halisi
Pole dada. Ila mkaa na gesi ni vitu viwili tofauti, isije watu wakaogopa kila boila.

FundiBomba_Ubungo
Mpare, sumu ni hiyohiyo moja. Kinachoungua bila hewa ya kutosha, kiwe mkaa, kuni au gesi, kinatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mwali ukiwa wa njano badala ya bluu, au ukiona masizi karibu na boila, zima uite fundi. Na maumivu ya kichwa yanayopona ukitoka nje si ya macho.

Mpare_Halisi
Sawa fundi, nimepokea.

BintiMvita
Kwa hiyo tufungue madirisha? Kwangu mita ni ya kulipia kabla, kama LUKU, na hata usipotumia kitu tozo ya kila siku inakatwa. Mimi napasha chumba kimoja tu, mlango umefungwa. Vinginevyo sifiki mwisho wa mwezi.

MamaNuru_LE4
Fungua kila asubuhi robo saa halafu funga. Vyumba usivyopasha ndivyo vinavyoota ukungu. Wanangu walikohoa baridi nzima kwa sababu hiyo. Ukungu si jambo dogo: Rochdale, Desemba 2020, mtoto wa miaka 2 alifariki kwa sababu ya ukungu wa nyumba waliyopanga, na mwaka 2023 bunge likapitisha sheria kwa ajili yake ya kuwabana wenye nyumba za jamii, yaani zile za halmashauri na mashirika ya nyumba.

Kisiwandui77
Wengine mnasema pasha chumba kimoja, wengine nyumba nzima. Mimi nanunua blanketi la umeme, nafanyia kazi humohumo.

FundiBomba_Ubungo
Blanketi la umeme ni zuri na linakula umeme kidogo. Ila usilikunje likiwa linawaka.

MtotoWaChumbageni
Mke wangu anaomba niongeze: vitamini D. Huduma ya afya ya huku, NHS, inashauri maikrogramu 10 kila siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuzitumia mwaka mzima. Kama moyo umelemewa, England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS bila kupitia kwa daktari.

Tumaini_Arusha
NyotaYaPangani, ulihama?

NyotaYaPangani
Nilihama. Sasa nakaa na dada mmoja wa Mombasa, na alamu mbili.

Mhasibu_Ilala
Nimeinuka nikaangalia ya kwangu. Ipo ukutani, nimebonyeza kitufe haikulia. Nimeifungua, betri hazimo.

FundiBomba_Ubungo
Tia betri leo leo. Kama ni chakavu nunua mpya yenye alama ya EN 50291, iweke chumba kilekile chenye boila, mita 1 hadi 3 kutoka ilipo.

Mhasibu_Ilala
Jumapili hii, maduka makubwa yalishafunga saa kumi.

MamaNuru_LE4
Duka dogo la kona halifungi. Nenda.

Mhasibu_Ilala
Nimerudi. Betri nimepata, inalia mpaka jirani kagonga ukuta.