Naomba ushauri: Pentaport au kumbi ndogo za Hongdae?

Habari zenu wakuu. Agosti nitakuwa Seoul, siku tano tu, na hela yangu ni ya kuhesabu. Muziki wa Korea ulioniteka si wa yale makundi makubwa ya kudansi, ni wa bendi zinazojitegemea. Nilianza na Hyukoh, nikaja Se So Neon, sasa ni Silica Gel. Albamu yao ya Desemba 2023 naisikiliza usiku kwa earphone: magitaa yanakwaruza kama redio inayotafuta stesheni, mara kila kitu kinatulia, na moyo wangu nao unatulia.

Sasa nimekwama. Tamasha la muziki la Pentaport hufanyika Incheon, jiji jirani na Seoul, mwezi huohuo, bendi nyingi kwa mpigo. Lakini Hongdae, mtaa wa Seoul jirani na Chuo Kikuu cha Hongik, ndiko zilikotokea bendi kama Crying Nut miaka ya 1990, kwenye kumbi finyu. Natamani kusimama karibu na mpiga dramu, niione mikono yake.

Aliyewahi kufika anisaidie: mgeni asiye na namba ya simu ya Korea anapataje tiketi za kumbi hizo? Na albamu mpya mnazifuatilia wapi?