USHAURI: Modemu inakatika kwenye Linux na hairudi yenyewe, mnada ni Alhamisi

Karani_wa_Mizani (Jumapili, saa 3:40 usiku)
Wakuu habari za usiku. Nipo kijijini, wilaya ya Nachingwea, Lindi. Wajuzi wa Linux nisaidieni, hii ni wiki ya pili silali.

Kompyuta ni ya kazini, chama cha msingi cha wakulima, nimeiwekea Linux ya Debian 12. Intaneti ni ya modemu ya 3G, hizi za kuchomeka zenye laini ndani. Inaunganisha vizuri, naanza kutuma orodha ya wakulima na kilo zao, halafu baada ya dakika kumi, siku nyingine arobaini, kimya. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, inasema imekatika na hairudi mpaka nichomoe na kuchomeka tena. Bando lipo. Laini haina PIN. APN nimeiandika sawasawa.

Nimesoma sana na nimejiridhisha kuwa kasoro ipo ndani ya ModemManager, programu inayoongea na modemu, ikipoteza mnara haijui kupiga tena. Nimeshashusha kodi yake nzima (code), ni lugha ya C, nimeshaanza kuigusagusa. Swali langu ni moja tu: faili lipi linasimamia kuunganisha upya? Mwenyekiti ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Na tafadhali, msiniambie nirudi Windows.

Ngoja_Waje
Natia nanga hapa. Wajuzi wako njiani.

Haina_Presha
Rudi Windows.

BintiMikindani
Nimeona "kodi yake nzima" nikadhani mambo ya mapato, nikaingia mbio 😂

Kaka, mimi nina steshenari Mtwara mjini. Modemu niliachana nazo siku mtoto wa watu alipokuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo, siku ya mwisho, saa tano usiku, tumefika ukurasa wa kuambatanisha cheti cha kuzaliwa, modemu ikazima taa. Yule binti alilia mpaka mlinzi wa duka la jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikatoa simu yangu, nikawasha hotspoti, tukamaliza saa sita kasoro. Tangu siku hiyo simu ndiyo modemu yangu. Yule binti sasa yuko mwaka wa tatu, kila akirudi likizo ananiletea maembe.

Karani_wa_Mizani
Dada asante, lakini swali langu ni la faili.

FundiKebo
Mkuu, acha kwanza hilo faili. Hapo kuna watu wanne wanapokezana mzigo na wewe umeshamhukumu mmoja. Kerneli, kiini cha Linux, ndiyo inayoiona modemu kwenye USB. Modemu nyingi za aina hiyo zikichomekwa hujitambulisha kama diski yenye programu za Windows, ndipo usb_modeswitch anaigeuza iwe modemu. Halafu ModemManager anazungumza nayo, na NetworkManager ndiye anayetoa amri ya kuunganisha na ndiye anayeamua kujaribu tena au kukata tamaa. Kwa hiyo hata ukilipata hilo faili, unaweza kuwa unamfanyia upasuaji ndugu wa mgonjwa.

Lete vitu vitatu: majibu ya amri `mmcli -L` inayoorodhesha modemu, majibu ya `mmcli -m any` tuone nguvu ya mtandao, na mistari ya mwisho ya `dmesg`, yaani kumbukumbu za kerneli, mara tu baada ya kukatika. Na useme modemu imechomekwa wapi.

Mzee_wa_Reli
Vijana hamjambo. Nachingwea haikuanza leo kuletewa mitambo. Mwaka 1947 Mwingereza alikuja na mpango wake wa karanga, matrekta ya kung'oa visiki, na reli kutoka bandari ya Mtwara. 1951 wakatangaza wameshindwa, na reli yenyewe miaka ya 60 ikafungwa. Marehemu baba alikuwa akisema wale wazungu walikuwa na mahesabu mazuri mno, ila udongo na mvua hawakuviuliza. Na wewe kijana umeufungua mtambo tumboni kabla hujatuambia umekaa wapi.

Karani_wa_Mizani
Shikamoo mzee. Umekaa ofisini.

FundiKebo, majibu haya. `mmcli -L` inaonyesha njia ndefu inayoishia na Modem/17. Nguvu ya mtandao asilimia 55, kwa hiyo mnara hauna shida. Dmesg ndefu sana, siwezi kuinakili kwa simu. Pia nina skripti yangu kila dakika tano inaamuru `mmcli -m 0` ikate na kuunganisha, lakini nayo inaleta kosa kuwa modemu haijapatikana. Ndiyo maana nasema ModemManager ina kasoro.

FundiKebo
Haya, sasa tunaanza kuonana.

Kompyuta imewashwa tangu lini? Na leo umeichomoa modemu mara ngapi kwa mkono wako?

Karani_wa_Mizani
Tangu asubuhi. Mara tatu.

FundiKebo
Hiyo 17 ni namba ya modemu. ModemManager akianza kazi anahesabu kuanzia sifuri, na kila modemu ikitoweka kwenye USB na kurudi, hata kama ni ile ile, anaipa namba mpya. Kufika 17 maana yake tangu asubuhi imezaliwa mara 18, yaani imetoweka mara 17. Wewe umechomoa mara tatu. Hizo 14 kachomoa nani?

Hapo hapo utaona kwa nini skripti yako inalia. Inamwita namba 0, na namba 0 alizikwa saa mbili asubuhi. Andika `-m any` badala yake. Lakini hata hiyo ni kufunga kidonda bila kutoa mwiba.

Angalia dmesg, tafuta tu maneno "USB disconnect". Yapo?

Karani_wa_Mizani
Yapo. Mengi.

FundiKebo
Basi si mnara uliokatika. Ni kifaa chenyewe kinaanguka na kuinuka. Kila kikiinuka kinakuwa hakijajisajili kwa mnara, NetworkManager anajaribu, anashindwa. Idadi yake ya kawaida ni majaribio 4, akishayamaliza ananuna dakika tano. Wewe hungoji dakika tano, unachomoa.

Nauliza mara ya pili: modemu imechomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta?

Karani_wa_Mizani
Kuna waya kidogo.

FundiKebo
Kidogo ni mita ngapi?

Karani_wa_Mizani
Mkuu sielewi kwa nini tunaenda kwenye waya wakati inaunganisha. Waya ungekuwa mbovu isingeunganisha kabisa.

BintiMikindani
Kaka jibu mita ngapi 😂

Karani_wa_Mizani
Kama kumi na mbili.

Ofisini modemu inasoma asilimia 22 tu, hata kutuma faili moja ni tabu. Juu ya mwembe nyuma ya ofisi inasoma 55. Nikaifunga kwenye mwanzi, nikaivalisha chupa ya maji iliyokatwa kitako isilowane, nikaunga waya tatu za kurefusha za USB mpaka dirishani. Inafanya kazi. Ndiyo maana sikuona haja ya kuutaja.

Haina_Presha
Modemu iko juu ya mwembe, na mtu anatafuta faili la C.

Ngoja_Waje
Wajuzi wamefika na ngazi.

FundiKebo
Mkuu, USB 2.0 waya wake mwisho ni mita 5. Wewe una 12, vipande vitatu, na viungo kila kipande. Tundu la USB linaahidi voltu 5 na miliampea 500. Sasa modemu ya 3G ikiwa mbali na mnara hupaza sauti, na hupaza zaidi inapotuma kuliko inapopokea. Ikivuta umeme kwenye waya mwembamba mrefu namna hiyo, voltu zinaishia njiani, kinachofika juu hakitoshi, inazimia. Ikizimia haivuti kitu, voltu zinarudi, inazinduka. Ndiyo maana ukisoma tu inakaa, ukianza kutuma orodha inakufa. Au nimekosea?

Karani_wa_Mizani
Hujakosea. Inakufa nikituma.

Lakini programu nzuri ingepaswa kuvumilia hali hiyo. Mimi nimeshapanga, kesho naweka kompyuta yote ijizime na kuwaka kila nusu saa. Mwembe hauwezi kuondoka, maana kamati ilishaiona "antena" na ilishailipia.

BintiMikindani
Ilishailipia?

Karani_wa_Mizani
Walinipa 150,000 ya antena. Waya zote tatu zilinigharimu 27,000. Kilichobaki kilifidia nauli zangu za Nachingwea mjini na bando nililokuwa naweka kwa pesa yangu tangu Aprili. Sijaiba. Na tusihamishe mada.

Mtu_wa_Haki
Mada imeshahama ndugu. Hiyo ni pesa ya mkulima aliyeinama juani kukata ufuta au kuokota korosho. Vyama vyetu vya msingi vinakufa kwa mambo haya haya, leo antena, kesho mizani, keshokutwa magunia. Rudisha hiyo laki na ishirini na tatu kisha ndiyo uombe ushauri.

Haina_Presha
Tena mwembe wenyewe ulikuwepo bure.

Sitaki_Chai
Wakuu mnapoteza usiku wenu. Hii ni chai, tena ya rangi. Hesabuni: tuko mwezi wa 6, jamaa anasema ana mnada Alhamisi. Mnada wa korosho mwezi wa 6? Korosho sasa hivi ndiyo kwanza inapuliziwa salfa, minada ni Oktoba huko. Pili, chama cha msingi gani kijijini kinatumia Debian? Tatu, mtu asiye na intaneti anajibu humu ndani ya dakika mbili. Ama ni mwanafunzi wa chuo anatafuta kazi yake ya darasani ifanywe bure, ama anatuchekea. Picha ya huo mwembe iko wapi?

Ngoja_Waje
Duh. Picha mkuu.

Mtu_wa_Haki
Kama ni uongo nafuta maneno yangu. Kama ni kweli nayarudisha.

Karani_wa_Mizani
Najibu kwa simu yangu, nimesimama juu ya kichuguu njia ya kisimani, hapa ndipo panaposhika. Picha nimejaribu mara tatu haipandi. Debian niliiweka mimi kwa sababu Windows ilikuwa inajisasisha na kumaliza bando lote la chama usiku mmoja, GB 5. Mwenyekiti hajui kuwa ni Linux, anajua "imesafishwa".

Sitaki_Chai
Mnada?

Mmwera_Halisi
Sitaki_Chai, ni wapi aliposema korosho? Korosho umeileta wewe. Mwezi wa 6 huku ni ufuta. Ufuta wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale unapimwa sasa hivi, unaingia ghalani, minada inaanza. Mtu ambaye hajui hilo asitupimie chai.

Na wewe mleta mada, ili nikuamini: anayenunua ufuta kwa mkulima kwa kificho kabla ya kufika chamani, huko kwenu mnamwitaje?

Karani_wa_Mizani
Kwa ufuta ni chomachoma. Kangomba ni wa korosho.

Mmwera_Halisi
Ni wa huku huyu, msimsumbue. Tena nikiunganisha huo mwembe na hicho kichuguu, nahisi chama chenyewe nakijua.

Karani_wa_Mizani
Kaka nakuomba sana, kisiandikwe hapa.

Sitaki_Chai
Sawa, ufuta nimekubali. GB 5 usiku mmoja nayo nimekubali, imenikuta. Picha bado naisubiri.

FundiKebo
Mmemaliza? Mkuu, njia ziko tatu na zote hazihitaji C.

Kwanza, shusha modemu. Tafuta sehemu ya kati, paa la ofisi kwa mfano, waya mmoja mzito usiozidi mita tatu. Utapoteza asilimia kadhaa za mtandao lakini haitazimia. Pili, ukitaka kubaki juu, panda na kiruta (router) kidogo chenye tundu la USB, modemu uichomeke humo humo juu, ushushe kebo ya mtandao. Hiyo inafika mita 100 bila manung'uniko. Umeme wa kiruta utajua mwenyewe. Tatu ni ile ya dada wa Mikindani uliyoikimbia tangu mwanzo, simu.

Halafu mwambie NetworkManager asinune: kwenye muunganisho wako weka `connection.autoconnect-retries` iwe 0. Sifuri hapo maana yake ajaribu milele. Na hiyo ya kuzima kompyuta kila nusu saa usithubutu, siku moja itazimika katikati ya kuandika kilo za mtu.

Mzee_wa_Reli
Na radi. Mwembe, waya, kompyuta ya chama. Baba angecheka.

Karani_wa_Mizani
Mzee kiangazi hiki radi haipo. Lakini nimeelewa.

Karani_wa_Mizani (Jumanne, saa 1:15 usiku)
Wakuu mrejesho. Modemu imeshuka, nimeifunga kwenye boriti ya paa upande wa mnara, waya mmoja mfupi. Inasoma asilimia 38. Hiyo ya majaribio nimeweka 0. Tangu jana saa mbili asubuhi `mmcli -L` bado inasema Modem/0. Orodha yote imeondoka, magunia 412, haikukatika hata mara moja. Kodi ya C nimeifuta.

Chupa nimeiacha juu ya mwembe, kamati ikipita ione.

Sasa nina swali jingine dogo. Kuna mwenye antena yoyote ya zamani, hata kama haifanyi kazi, anayeweza kuniuzia kwa elfu 20? Iwe na risiti.

BintiMikindani
Risiti ya shilingi ngapi kaka? 😂

Mmwera_Halisi
Usihangaike kutafuta. Mwenyekiti wenu ni shemeji yangu, nilimtumia uzi huu jana.