Mjadala: Sensa ijayo iulize dini ya mtu, au tuendelee kunyamaza?

Mwanzisha mada, Tabora mjini

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu sasa, kabla joto la sensa halijapanda. Mara ya mwisho Mtanzania kuulizwa dini yake kwenye sensa ilikuwa 1967. Zimepita za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na swali halikurudi. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilihimiza waumini wasusie kuhesabiwa kwa sababu kipengele hicho hakimo. Wapo wanaoomba kisirudi kamwe. Mimi nataka kirudi, na sababu yangu inatoka darasani, maana nafundisha jiografia.

Mwanafunzi anasoma kwamba dini husambaa kwa watu kuhama nayo, kwa jirani kumpokeza jirani, au kwa mtawala kuipokea na raia wakamfuata. Mifano anayopewa ni ya Makka, Roma na mto Ganges, ilhali yeye mwenyewe anaishi kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Uislamu ulipanda njia hiyo pamoja na pembe za ndovu na, tusilifiche, biashara ya watumwa. Wakaifuata Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868: Tabora walifika 1878, Ujiji Januari 1879. Kituo cha London Missionary Society, wamisionari Waprotestanti wa Uingereza, pale Urambo kikaja kuchukuliwa na Wamoravian, Waprotestanti wengine, mwaka 1898. Reli nayo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Matokeo yake tunayaona. Ujiji ni mji wa misikiti. Panda milima kwenda Kasulu na unaingia kwenye parokia za Kikatoliki na makanisa ya Kianglikana. Ni safari ya saa chache tu. Lakini ramani hiyo naichora ubaoni kwa macho na masimulizi, kwa sababu takwimu za kata kwa kata hakuna. Kenya wanauliza dini kwenye sensa. Uganda wanauliza. Sisi tunaogopa nini?

Mchangiaji, Ujiji

Mwalimu, asalaam aleikum. Umeuliza tunaogopa nini, nami nakujibu: tunaogopa Lebanoni. Wale walihesabu watu kwa madhehebu mwaka 1932, wakagawana viti vya bunge kwa hesabu ile, sita vya Wakristo kwa vitano vya Waislamu. Tangu hapo hawajathubutu kufanya sensa nyingine rasmi, kwa kuwa kila upande unajua namba mpya itadai viti vipya. Uwiano wenyewe ulikuja kubadilishwa kwa makubaliano ya Taif ya mwaka 1989, yaliyolenga kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nigeria nao waliondoa swali la dini kwenye sensa za 1991 na 2006. Hao si wajinga.

Hapa kwetu mama ni Mmanyema Mwislamu, shemeji ni Muha Mkatoliki, na kwenye msiba tunakaa jamvi moja. Hakuna anayejua kata yetu ina asilimia ngapi ya nani, na hakuna aliyekosa dawa zahanati kwa kutojua. Ukishaipata hiyo asilimia, mwalimu, wewe utaipeleka darasani. Mgombea udiwani ataipeleka wapi?

Mchangiaji, Kasulu

Naomba niingilie, maana nyote wawili mnazungumza kana kwamba nchi hii ina dini mbili. Hesabu ile ya 1967 iligawanyika karibu mafungu matatu: Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, kila fungu karibu theluthi. Theluthi hiyo ya tatu imekwenda wapi? Wengi walibatizwa au walisilimu, ni kweli. Lakini wapo wanaotoka misa ya kwanza Jumapili, na ukoo ukipata tatizo wanakwenda kutambika. Karani atawaandika wapi?

Na mwalimu, vitabu vyenu vina kosa kubwa. Vinasema kuna dini zinazomwita kila mtu, kama Ukristo, Uislamu na Ubudha, na kuna dini zilizofungamana na jamii moja, na humo ndimo mnamotutupa sisi. Sasa tazameni uswezi, ibada ya jadi ya mizimu inayomheshimu Lyangombe. Lyangombe anajulikana Rwanda, anajulikana huku Uha, anajulikana Unyamwezi na Usukumani. Mtu huingizwa kwa kufundwa na kupewa jina jipya, na kabila lake si kizuizi. Imani iliyovuka lugha nne au tano bila jeshi wala meli mnaiitaje ya kabila moja? Kama sensa itatuletea kisanduku kilichoandikwa "Nyingine", bora mkiache kabisa.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Kasulu, hoja ya uswezi nitaifundisha, na ndiyo inayozidi kunipa sababu. Jambo lisilohesabiwa haliingii kwenye ramani, na lisiloingia kwenye ramani mtoto anaamini halipo. Fomu iruhusu mtu ataje zaidi ya moja, na dini za jadi zitajwe kwa heshima yake.

Dada wa Ujiji, Lebanoni iliumizwa na katiba iliyofunga viti kwenye dini. Yetu haina viti vya dini. Uganda ilitangaza matokeo ya 2014 kwamba Wakatoliki ni asilimia 39 na Waislamu karibu 14, na hakuna viti vilivyohamishwa. Kwetu ukimya ndio unaozaa namba za vijiweni, kila upande ukijitangaza kuwa ndio wengi.

Mchangiaji, Ujiji

Kama ni kujua tu, tafiti za Afrobarometer, zile za maoni ya wananchi barani Afrika, zinauliza dini. Inatosha. Halafu hujasema nani atajibu. Karani akifika anaongea na mkuu wa kaya. Baba atamwandika mke dini yake yeye, na watoto waliokwisha kuchagua njia nyingine watarudishwa kwa kalamu. Huko ni kuhesabu akina baba.

Mwanzisha mada

Utafiti wa sampuli unatoa wastani wa nchi. Hauwezi kunionyesha Ujiji ilivyo tofauti na Kasulu, na tofauti hiyo ndiyo jiografia yenyewe. Lakini la mkuu wa kaya ni zito, na bila kulitatua mimi mwenyewe nitakuwa upande wako. Napendekeza swali liwe la hiari, liulizwe kwa kila mtu mzima ana kwa ana, na asiyekuwepo nyumbani aachwe wazi badala ya kujibiwa. Litaongeza siku za kazi na posho za makarani. Kwangu gharama hiyo inafaa. Anayeona haifai aseme fedha hizo zingeenda wapi, tuendelee.