Bima ya afya: "Mfumo umekataa." Nataka jina la daktari aliyesoma faili la mama yangu

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bima kwa ujumla, maana hapa nina jambo moja tu: maamuzi ya matibabu yanayotolewa na kompyuta, kisha yanapigwa muhuri kana kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiri.

Mama yangu alipata kiharusi. Upande mmoja ukalegea, maneno yakawa yanamtoka nusu nusu. Daktari wake akaandika kwamba lazima aendelee na mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, kwa sababu mkono umeanza kurudi na akiachwa sasa atapoteza hata kile alichokwisha kupata. Bima ikalipia mwanzoni, halafu ikakata. Dirisha la bima pale hospitali wakaniambia mfumo umekataa. Nikapiga simu kwenye kampuni, nao wakasema mfumo umekataa, nirudi hospitali waombe kibali upya. Hospitali wakaomba upya. Jibu likarudi lile lile, neno kwa neno: kwa mgonjwa wa aina yake, muda wa kawaida wa kupona umekwisha.

Mgonjwa wa aina yake! Mama ana kisukari, ana presha ya miaka mingi, na kabla ya kiharusi alikuwa ameshavunjika nyonga. Yote hayo daktari aliyaandika kwenye barua. Katika jibu lao hakuna hata sentensi moja inayoonyesha kwamba barua hiyo ilifunguliwa. Nikauliza swali dogo: nani aliyesoma faili? Nipeni jina lake na namba yake ya leseni. Hapo ndipo walipoanza kunipiga danadana, na danadana hizo hazijaisha.

Nikaanza kusoma mambo haya usiku, mama akishalala. Nilichokikuta kimenizidishia hasira.

Marekani kuna programu inaitwa nH Predict, iliyotengenezwa na naviHealth, tawi la kampuni kubwa ya bima UnitedHealth. Inamlinganisha mgonjwa na wagonjwa waliopita kisha inatabiri atahitaji uangalizi wa siku ngapi baada ya kutoka hospitali. Novemba 2023 familia za wazee waliofariki zilifungua kesi Minnesota. Zinadai kwamba utabiri huo ulitumika kukata huduma kinyume na maelekezo ya madaktari, na kwamba maamuzi hayo yanapokatiwa rufaa, zaidi ya asilimia 90 hutenguliwa. Kampuni inakana, inasema programu ni mwongozo tu na haiamui nani alipiwe. Februari 2025 jaji aliondoa sehemu ya madai lakini akaruhusu hoja ya kuvunja mkataba iendelee. Na kamati ndogo ya Seneti ya huko ilitoa ripoti Oktoba 2024: mwaka 2020 UnitedHealthcare, kitengo cha bima cha UnitedHealth, ilikuwa inakataa asilimia 10.9 ya maombi ya huduma za aina hiyo kwa wazee wa Medicare Advantage, yaani bima ya wazee ya serikali inayoendeshwa na kampuni binafsi. Kufikia 2022 ikawa asilimia 22.7. Zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili. Wazee hawakugeuka wazima ghafla kiasi hicho.

Cigna nao, kampuni nyingine ya bima ya huko: waandishi wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, waliandika Machi 2023 kwamba katika miezi miwili ya mwaka 2022 madaktari wa kampuni walikataa madai ya malipo zaidi ya 300,000 kupitia mfumo uitwao PxDx, kwa wastani wa sekunde 1.2 kila dai. Cigna walijitetea kwamba ni njia ya kuharakisha malipo ya huduma ndogondogo. Sekunde 1.2, jamani! Jina la mgonjwa tu huwezi kulisoma likakaa kichwani kwa muda huo. Daktari anabonyeza, rundo zima linakwenda, na kwenye karatasi panaandikwa kwamba limepitiwa na daktari.

Sasa uoza wenyewe uko hapa. Kosa la mfumo likimwelemea mgonjwa, kampuni haigharimiki hata senti mpaka mgonjwa akate rufaa. Kosa likiielemea kampuni, kuna idara nzima ya ukaguzi inayolisaka. Ukiiacha hali hiyo iendelee miaka michache, makosa yanayobaki ndani ya mfumo yatakuwa ya upande mmoja. Na rufaa zenyewe hazikatwi. KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, ilichambua takwimu za 2023 za bima zinazouzwa kupitia HealthCare.gov, soko la serikali ya Marekani: karibu dai 1 kati ya 5 la huduma kwenye hospitali na madaktari wenye mkataba na kampuni lilikataliwa, na katika hayo yaliyokataliwa, chini ya asilimia 1 ndiyo yaliyokatiwa rufaa.

Hao wengine wako wapi? Wamechoka. Wamefariki. Watoto wao wamekopa wakalipa wenyewe. Lakini kwenye kumbukumbu za kampuni dai linasomeka limekataliwa, limefungwa, basi. Mfumo ukifunzwa kwa kumbukumbu hizo hauoni kwamba mtu aliuza kitu chake ili mzazi wake aendelee na tiba. Unaona uamuzi ambao haukupingwa, na unajifunza kuurudia. Unyonge wa wagonjwa wa jana unafanywa ushahidi dhidi ya mama yangu leo. Hili ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata zile sekunde.

Upande wa michango ni hivyo hivyo. Tulipohuisha mkataba kiasi kilipanda, sababu wakaandika "tathmini ya hatari". Nikaomba kuiona tathmini hiyo. Siri ya biashara! Hatari ni yangu, mwili ni wa mama, data ni zetu, lakini hesabu ni siri yao.

Na hizo data zinatoka wapi? Mwaka 2018 ProPublica na redio ya NPR walieleza jinsi kampuni za bima za Marekani zinavyokusanya habari za watu kupitia wauza data: kiwango cha elimu, hali ya ndoa, mali, wanavyotazama televisheni, wanachonunua mtandaoni. Mwaka huohuo ikaandikwa habari ya watu wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini, ambao mashine zao za kupumulia zilikuwa zinatuma taarifa za matumizi kila siku, na taarifa hizo zinaifikia bima. Kigezo kinachotumika sana huko ni saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku za mwezi. Ukishindwa kuivaa kwa sababu inakuumiza pua, bima inaweza kuacha kuilipia. Chombo cha tiba kinamchongea mgonjwa kitandani kwake mwenyewe.

Kuna utafiti mmoja naomba kila mdau wa hapa aujue. Ziad Obermeyer na wenzake waliuchapisha katika jarida la Science mwaka 2019. Walichunguza algoriti, yaani kanuni za hesabu za kompyuta, iliyokuwa ikichagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Walioitengeneza hawakuiambia itafute nani mgonjwa zaidi, waliiambia itabiri nani atagharimu zaidi. Matibabu ya wagonjwa weusi Marekani hutumia fedha kidogo kwa sababu hawafikiwi na huduma sawasawa, basi algoriti ikawaona wana nafuu. Watafiti walikadiria kwamba upotofu huo ukiondolewa, sehemu ya wagonjwa weusi kati ya wote wanaochaguliwa kupewa msaada huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Wala algoriti haikuwa imepewa rangi ya mtu. Iliambiwa itabiri bili, na hilo likatosha. Kwa hesabu hiyo, aliyekosa nauli ya kwenda hospitali anaandikwa mzima.

Najua kuna watakaokuja kuniambia udanganyifu ni mwingi. Kweli upo. Kuna vituo vinavyodai fedha za wagonjwa hewa, kuna wanaopandisha vipimo ambavyo havikufanyika, na kompyuta inasaidia sana kuwanasa. Wanaseni! Mfuateni mwenye kituo. Mama hakudanganya mtu, mkono wake uko pale, mtaalamu yeyote anaweza kuushika akaona unavyotetemeka. Wala sina ugomvi na kompyuta inayotoa kibali haraka. Ikisema ndiyo kwa sekunde moja, nashukuru. Ninachokikataa ni HAPANA isiyo na mwenyewe.

Na msiniambie haiwezekani. California wana sheria, SB 1120, inayofanya kazi tangu Januari 1, 2025: algoriti peke yake haiwezi kukataa huduma kwa kigezo cha ulazima wa kitabibu, lazima aamue mtaalamu wa afya mwenye leseni na sifa. Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yao ya akili bandia ya 2024, wameiweka mifumo ya kutathmini hatari na kupanga bei ya bima ya afya na ya maisha katika kundi la hatari kubwa. Hata bei inawezekana kuifunga: Marekani tangu 2014, kwenye bima za mtu mmoja mmoja, kampuni hairuhusiwi kukupandishia kwa sababu ya ugonjwa ulio nao, inaruhusiwa kuangalia umri, eneo, tumbaku na ukubwa wa familia.

Ninachodai ni hiki. Kila barua ya kukataa iwe na jina na leseni ya aliyeamua, na sababu inayomtaja mgonjwa huyu. Tiba iendelee kulipiwa mpaka rufaa iishe, kwa sababu mkono wa mgonjwa wa kiharusi hausubiri kikao. Na kila mwaka kampuni itangaze hadharani ni maamuzi mangapi ya mfumo wake yametenguliwa.

Rufaa tumeshaiwasilisha kwa maandishi, barua ya daktari imeambatanishwa, nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ninayo. Wenye uzoefu mnieleze mlipita njia gani. Na kama humu kuna mtu anayefanya kazi kitengo cha madai, hata usipotaja kampuni yako, nijibu hili moja: daktari wenu anapofungua ombi, anaona kwanza barua ya daktari mwenzake, au anaona alama ambayo kompyuta imeshaiweka?