Watu wa jogging za Jumamosi, barabara ya Makongoro si ya kwenu peke yenu!

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mimi ni mwanamke, nakimbia asubuhi hapa hapa Mwanza, na mbio nazipenda kupita maelezo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nina chuki na wanaofanya mazoezi. Tangu mwanariadha wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kila nikitoka naona sura mpya barabarani, na nafurahi kweli. Lakini kinachofanywa na baadhi ya vikundi vya jogging Jumamosi alfajiri ni uhuni, na ipo siku tutazika mtu.

Wanavyokimbia ni hivi. Kundi zima limetapakaa kuanzia ukingo wa mtaro hadi mstari wa katikati. Wako upande wa kushoto, maana yake gari linalotoka nyuma yao wameligeuzia mgongo. Fulana nyeusi, bukta nyeusi, kizibao cha reflekta hana hata mmoja. Nyimbo na filimbi juu, na humo humo kuna waliojaza spika masikioni. Hiace ikipiga honi hawasikii, na wakisikia wanamtukana dereva.

Halafu watu wanasahau kwamba Mwanza si Dar. Wenzetu wa pwani jua linawatokea karibu nusu saa kabla yetu. Huku kwetu linachomoza kuanzia kama saa 12 na nusu, na kuna miezi linakaribia saa 1 kabisa. Ukitoka saa 11 na nusu bado ni giza, na sehemu ambazo taa za barabarani haziwaki hata uso wa jirani yako huuoni. Mwendo unaoruhusiwa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva ameshusha taa kwa sababu kuna mwenzake anakuja mbele, anashtukia migongo myeusi. Mpaka mguu uguse breki, hizo mita 14 zimeshakwisha. Na hapo nimemzungumzia dereva anayefuata sheria! Wale wa kugombania abiria kutoka Airport mnawajua wenyewe.

Shule ya msingi tulifundishwa wote: pasipo na njia ya waenda kwa miguu, pita kulia, uone gari linalokuja. Ukiliona utaruka pembeni. Likikujia mgongoni utarukia wapi?

Lililonifanya niandike leo ni la Jumamosi iliyopita, maeneo ya Kirumba. Kuna mama mtu mzima alikuwa anatoka mwaloni, kule soko la samaki, beseni la dagaa kichwani, anatembea kwenye kile kipande cha njia kilichobaki kando ya lami. Kundi likamjia kwa kasi. Hakuna aliyepunguza mwendo, hakuna aliyesema "tunapita mama", hata salamu ya Kisukuma, "mwangaluka mayo", haikusikika. Mmoja akamgonga bega. Beseni likaenda, dagaa wakamwagika nusu kwenye lami, nusu kwenye maji machafu ya mtaro. Waliokuwa nyuma wakapita juu yao. Nimeona kwa macho yangu dagaa wamesagwa na nyayo za raba, na yule mama amepiga magoti anaokota mmoja mmoja, anapuliza mchanga, anawarudisha kwenye beseni. Ule ndio mtaji wake wa siku. Kwenye kundi zima walirudi vijana wawili tu kumsaidia, na kiongozi mwenye filimbi akawa anawapigia wasiachwe nyuma!

Kiongozi, kama unasoma hapa, unajijua. Zile dagaa zina bei, na yule mama yupo mwaloni kila siku. Nenda ukamlipe.

Jambo la pili linawahusu wanaume mnaokimbia peke yenu, hasa Capri Point na kule Bwiru. Mwanamke yuko mwenyewe, bado kiza, wewe unakuja nyuma kimya kimya mpaka anasikia pumzi yako shingoni. Najua wengi hamna nia mbaya. Lakini yeye atajuaje? Sema ukiwa bado mbali, "dada habari, napita kulia kwako", pita kwa nafasi, endelea na safari yako. Usimkimbilie sambamba ukimuuliza jina na anapoishi. Nina rafiki ameacha kabisa mazoezi ya asubuhi kwa ajili hiyo, na mimi siku hizi nabadilisha njia kila mara nisizoeleke. Inaniuma sana, kwa sababu ule upepo wa ziwa wa alfajiri ni wa wote.

Na chupa za maji mnazotupa mtaroni, mvua ikipiga zinaishia ziwani tunakovua samaki. Beba chupa yako urudi nayo nyumbani.

NYONGEZA: Naona wengine mnasema tatizo ni bodaboda. Bodaboda wana makosa yao mengi, kupita kulia, kupita kushoto, kutembea bila taa, na siwatetei. Ila bodaboda hakuwavalisha nyeusi, wala hakuwaambia mjaze barabara nzima. Na dereva mnayemkasirisha nyinyi Jumamosi, Jumatatu hasira zake anazimalizia kwangu. Nimeshapigiwa honi sikioni na kusogezwa hadi kwenye mawe na dereva anayefoka "nyie watu wa mazoezi!" wakati niko peke yangu, kulia, na reflekta nimevaa.

Kwa hiyo viongozi wa vikundi, pangeni watu wawili wawili, upande wa kulia. Wa mbele na wa mwisho wawe na taa. Spika za masikioni ziachwe nyumbani. Mkimkuta mtu na mzigo, mpisheni yeye. Reflekta wanavaa bodaboda kila siku, nyinyi zinawashinda nini?

Jumamosi hii nitakuwepo njia ile ile. Nikiwakuta mmeziba barabara tena, napiga picha na kuzipeleka kwa trafiki, na majina ya vikundi nitayataja.